Bimkubwa kataka kumtunza mwimbaji ukumbini, wakamkalisha. Nani ana makosa?

#1 MwanaMkunazini

Salaam wanajamvi. Hebu niamulieni, maana nyumbani kwangu tangu Jumamosi watu hawasemeshani.

Bimkubwa kaja kunitembelea huku Uingereza, nikaona nimpe raha. Nikampeleka pamoja na wajukuu kwenye Lion King ya jukwaani, ule mchezo wa nyimbo uliotokana na picha ya katuni ya simba. Picha yenyewe anaijua kwa moyo, tulikuwa na kanda ya video nyumbani mpaka ikawa inakwaruza. Taa zikazimwa, yule mama anayecheza Rafiki, mganga wa kwenye hadithi, akavuta sauti ya kwanza, mara nyuma yetu tembo huyo anaingia kwa njia ya katikati ya viti. Mkubwa, bega la bimkubwa kalipitia kama anamwomba njia. Bimkubwa kasema "Maashallah" kwa sauti, watoto wakacheka. Hapo bado salama.

Kipindi cha pili Rafiki kaimba tena. Nageuka, naona mkoba uko wazi. Kabla sijafumbua mdomo keshasimama. Noti ya pauni tano kaikunja kwa urefu, kaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa, anateremka taratibu kwa mwendo ule ule wa kumtunza mwimbaji wa taarabu harusini, bega moja mbele bega moja nyuma. Hajapita safu tatu, kijana mwenye tochi kamkata njia na kumrudisha. Watu wote wamegeuka. Bimkubwa kakaa, kimya, mpaka mwisho hakupiga hata kofi moja.

Kwenye gari ndio kaniuliza: "Wao waje na tembo wao mpaka mapajani mwangu, mie nikienda kwao ndio sina adabu?"

Mke wangu anasema bimkubwa kakosea. Mie nasema mtu kaimba, katunzwa, basi. Nyie mwaonaje?

#2 Kachumbari

Swali la mwanzo kabla ya yote: ile pauni tano iko wapi sasa?

#3 Kipepeo_wa_Wete

Pole kwa bimkubwa, lakini mie niko na mkeo. Taarabuni mwimbaji anajua utakuja, anakungoja, hata kichwa anakiinamisha upate kumtia noti. Yule wa watu ana mchezo wa kumaliza, na sidhani kama anajua tunzo ni kitu gani. Angedhani bibi kapandwa na mashetani. Ukienda nyumba ya watu unavua viatu wanapovulia wao.

#4 NyuziZaKanuni

Napiga kanuni, kile chombo cha nyuzi, katika kikundi cha taarabu hapa mjini, naomba nisemee kazi yangu.

@Kipepeo umesema kweli, lakini nusu. Siye tunamngoja mtunzaji, tena tunamtengenezea nafasi. Wakijipanga wanawake kutoka mlangoni, kiongozi anatupa jicho tu, kiitikio kinarudiwa mara tatu, mara nne, wimbo wa dakika nane unakwenda robo saa na hakuna anayelalamika. Kule sidhani kama hilo lipo.

Ila nyote mmeliruka jambo moja. Mtu hatunzi ovyo, anatunza neno. Unakaa kimya beti mbili, tatu, neno lako likifika ndio unanyanyuka, na ukumbi mzima unajua limekupata wapi au unampelekea nani. Mwanzisha uzi, kabla hatujamhukumu mtu: bimkubwa kanyanyuka kwenye neno gani?

#5 MsomiKidogo

Niweke mambo sawa kidogo. Picha ni ya 1994. Mchezo ulianza Minneapolis 1997, ukaingia Broadway Novemba mwaka huo huo, London ukafika 1999. Na kwenye picha Rafiki ni dume! Aliyemfanya mwanamke ni mwongozaji wa mchezo, Julie Taymor, aliona hadithi haina mwanamke mwenye uzito. Mwaka 1998 yeye mwenyewe akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Tony kwa kuongoza mchezo wa muziki. Kwa hivyo bimkubwa kataka kumtunza mtu ambaye kwenye kanda yenu ya video ni babu nyani.

#6 Kachumbari

Babu nyani angeifuata ile noti mwenyewe mkobani, hangoji kuletewa.

#7 Mgeni_Njoo

Kazi yangu kutembeza wageni Mji Mkongwe, kwa hivyo hao simba nalala nao naamka nao. Kila duka la Gizenga fulana ya "Hakuna Matata". Wageni wanadhani ndivyo tunavyosemezana. Mie kwetu Makunduchi sijamsikia bibi yangu hata siku moja akisema hakuna matata. Utasikia "hamna neno", "hapana tabu".

Sasa hayo maneno ya Kiswahili wakubwa wa picha hiyo wameyaandikisha kuwa alama yao ya biashara. Waliomba 1994, wakapewa 2003, na 2018 watu wakapiga kelele mtandaoni na kutia saini. Majina yetu wamechukua, Simba, Rafiki, Sarabi, Pumbaa. Halafu mama wa Kiswahili akienda na pesa yake mwenyewe anakalishwa chini! Mie niko na bimkubwa mia kwa mia.

#8 MsomiKidogo

@Mgeni_Njoo, taratibu. Hiyo alama ni ya Marekani na inahusu nguo, hakuna anayekukataza kuyasema. Na yale maneno yanayofungua mchezo, ambayo nusu ya watu hapa mnadhani ni Kiswahili cha ndani, ni Kizulu. Nyimbo za kizungu ni za Elton John na Tim Rice, lakini ule mwito na zile sauti nyingi za kwaya ni kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini, na jukwaani kazi yake imeongezwa sana kuliko kwenye picha. Kwa hivyo tukigawana, fungu letu ni majina tu.

#9 Mgeni_Njoo

Majina na fulana.

#10 Sharifu_wa_Vuga

Mimi nimezaliwa Vuga, senema ya Majestic ilikuwa jirani yetu. Jengo la mwanzo liliitwa Royal, la 1921, likaungua, hili mnaloliona likajengwa miaka ya 50.

Picha la Kihindi likiingia, wiki ya kwanza watu wanasikiliza, wiki ya pili wanaimba. Mtaani kwetu Waswahili waliojua Kihindi utawahesabu kwa vidole, lakini nyimbo zote tunazo. Marehemu dada yangu alikuwa akienda ile senema ya wanawake watupu, wakirudi njiani wameshazitia maneno ya Kiswahili, na maneno mengine hayaandikiki hapa. Vikundi vya taarabu navyo vikazichukua sauti zile zile. Leo mnaniambia kazi ya mtazamaji ni kunyamaza. Nani kaiweka hiyo? Raj Kapoor alikuwa kwenye pazia, hanisikii, na bado nilimwimbia.

#11 Mchele_wa_Mbeya

Nimekaa paleee na kahawa yangu. Endeleeni.

#12 FundiMitambo

Shikamoo mzee Sharifu. Umeligusa lile lenyewe: Raj Kapoor hakusikii. Tena ile sauti si yake, ni ya Mukesh, imerekodiwa studio na imekwisha. Ukiimba, ukilia, ukivunja kiti, haipungui kitu.

Mie nafunga vyombo vya sauti kwenye matamasha, nieleze kidogo. Mwimbaji wa jukwaani ana maikrofoni ndogo kama punje ya mchele, imefichwa kwenye nywele au juu ya kipaji. Bendi iko shimoni, mwimbaji anamtazama mwongoza bendi kwa kijitelevisheni. Wiki moja anafanya maonyesho manane. Sasa sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Aliye nyuma mita 30 akiimba, sauti yake inamfika mwimbaji imechelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, na yeye mwenyewe aliisikia bendi imeshachelewa. Mnaona ndogo? Simama jukwaani Ngome Kongwe siku watu wa nyuma wanapiga makofi halafu umtazame mpiga ngoma usoni. Anakuwa kama mtu anayetembea huku anavutwa kanzu.

Tembo naye anaendeshwa na watu wanne, kila mmoja mguu wake, gizani, kwa hesabu za hatua. Mtu akisimama njiani hapo kuna mguu utavunjika. Yule wa tochi kafanya kazi yake.

#13 Kachumbari

Fundi, tembo kipindi cha pili keshapumzika. Bimkubwa hakuzuia gari ya mtu.

#14 Kipepeo_wa_Wete

@FundiMitambo ahsante, hayo ndiyo niliyoyataka mie ila sina maneno ya kitaalamu.

#15 Chwaka_Express

Nyie kumbe hamjasikia ya Manchester? Aprili 2023, The Bodyguard ya jukwaani, ile iliyotoka kwenye picha ya 1992 ya Whitney Houston. Ulipofika wimbo wake mkubwa wa mwisho kuna watu wakaanza kuimba kumshinda mwimbaji. Wakaambiwa wanyamaze, hawakunyamaza. Mchezo ukakatishwa karibu na kumalizika, polisi wakaja, safu nzima ikatiwa ndani!

Lakini mie nasema wamejitakia. Wanauza vinywaji tangu mlangoni, tangazo linasema njooni kwenye sherehe, njooni mcheze baina ya viti. Mtu keshalewa, wimbo anaujua tangu harusi yake, halafu umwambie afunge mdomo? Unamtia mtu njaa, unamfungulia chungu, halafu unamwambia anuse tu.

#16 MsomiKidogo

"Safu nzima" umeitia chumvi. Polisi waliitwa kweli na mchezo ulikatishwa kweli, waliotolewa ni watu wachache. Hilo la matangazo upo sawa: mwaka huo huo kampuni moja yenye kumbi nyingi kule ilisema itaacha maneno ya namna hiyo, na chama cha wafanyakazi wa kumbi kilikuwa kinalalamika kwamba watu wake wanatukanwa na kupigwa. Halafu wimbo si wa Whitney wa asili. Ni wa Dolly Parton, 1974.

#17 Kachumbari

Msomi, wewe ukifa utamsahihisha na mchimba kaburi.

#18 Bint_Hurumzi

Nyinyi mnagombana mtu aimbe au asiimbe. Siye wa picha za Kihindi tungeomba hata hizo nyimbo ZIWEPO.

Dilwale Dulhania Le Jayenge. 1995. Sihitaji kueleza, nani hapa hakuangalia? Wakaitia jukwaani San Diego 2022, mwongozaji ni Aditya Chopra mwenyewe wa picha. Nikasema alhamdulillahi, iko mikono salama. Kumbe Raj, yule kijana wa kwenye picha, kageuzwa Mzungu wa Kimarekani anaitwa Roger! Na nyimbo mpya, za Kiingereza. Zile ambazo shangazi zangu wamezipikia biriani miaka yote hii, hakuna. Watu wakalalamika dunia nzima, yeye akaeleza kwamba alipoiwaza picha mwanzo alimtaka Tom Cruise. Tom Cruise kwenye lile shamba la haradali la picha! 2025 wakaipeleka Manchester, hapo kijana akawa Mwingereza.

Nasema picha ikishapendwa si yako tena peke yako. Umeitengeneza wewe, sawa, lakini tumeilea siye.

#19 Chwaka_Express

Manchester tena. Huo mji una nini?

#20 FundiMitambo

@Bint_Hurumzi lakini mtu ana haki ya kuigeuza kazi yake mwenyewe. Ukitaka ile ile, picha ipo, iangalie. Kuna senema moja Mumbai inaionyesha miaka na miaka.

#21 Bint_Hurumzi

Basi asiniuzie jina. Aiite Roger na Mchumba Wake, nitajua mwenyewe kama nataka.

#22 Sharifu_wa_Vuga

Binti yangu, si wote wanaoharibu. Mughal-e-Azam imetiwa jukwaani huko huko India mwaka 2016, kaiongoza Feroz Abbas Khan. Mjukuu kanionyesha vipande kwenye simu. Nyimbo za Naushad zimo, na wale mabinti wanaimba wenyewe huku wanacheza, si kama kwenye picha ya 1960 ambapo Madhubala anafumbua mdomo na sauti ni ya Lata. Sasa hapo nimpe Fundi haki yake kidogo. Nilipoona msichana anaimba, anazunguka, pumzi inamwishia na bado anaimba, nilinyamaza. Nilikuwa nimekaa kitandani kwangu peke yangu na nilinyamaza.

Lakini Lata ni Lata.

#23 Kachumbari

Kwa hivyo mzee umehamia upande wa tochi?

#24 Sharifu_wa_Vuga

Sijahama. Nimekaa tu.

#25 MwanaMkunazini

Ahsanteni nyote, nilikuwa kazini. Nimjibu @NyuziZaKanuni maana kaniuliza tangu juu na mie nilipita kama sikuona.

Wimbo wenyewe ni ule Rafiki anaomwambia Simba kwamba baba yake hakuondoka, yumo ndani yake. Kwenye picha ya mwanzo hauimbwi, umetiwa jukwaani, kwa hivyo bimkubwa alikuwa hajawahi kuusikia. Kiingereza chake ni cha dukani lakini neno la baba alilipata.

Mzee wetu kafariki mwaka juzi. Mie nilikuwa huku, sikuwahi maziko.

Alipokuwa anasimama alinishika kichwa kwanza, hivi, kiganja chote. Nilidhani anajishikilia asianguke.

#26 NyuziZaKanuni

Basi. Nilikuwa nangoja hilo.

#27 Kipepeo_wa_Wete

Mungu amrehemu mzee. Sibadilishi niliyosema kuhusu ukumbi, lakini kwa bimkubwa nimenyamaza.

#28 Mgeni_Njoo

Innalillahi. Pole kaka.

#29 Chwaka_Express

Pole sana. Na yule wa tochi angejuaje.

#30 Mchele_wa_Mbeya

Mie mtu wa bara, naomba kuuliza bila kugombeza. Hii tunzo, kwa nini isingoje mwisho? Huku kwetu mtu anashangilia baada ya wimbo. Kule wanasimama wote wanapiga makofi mwisho, si ndiyo hiyo hiyo?

#31 NyuziZaKanuni

@Mchele si hiyo hiyo. Makofi ya mwisho ni ya wote kwa wote. Tunzo ni yangu mimi kwa neno hili, sasa hivi, na watu wanione. Ukiingoja mpaka mwisho imekuwa mshahara.

#32 FundiMitambo

Hapo ndipo tunapoachana. Neno lako wewe ni la watu wengine elfu moja waliolipa. Yawezekana safu ya nyuma alikuwapo mwengine aliyefiwa na baba, akataka kuusikia wimbo bila ya mtu kusimama mbele yake.

#33 NyuziZaKanuni

Yawezekana. Angemfuata nyuma.

#34 Kachumbari

Mbona mnasahau kwamba siye ndio tuliowapa Freddie Mercury? Kazaliwa Unguja hapa 1946. London walimfanyia mchezo wa jukwaani, kuanzia 2002 mpaka 2014, na watu walikuwa wanaimba na kupunga mikono mpaka basi, hakuna aliyeitwa polisi. Kwa hivyo kuna Mzanzibari mmoja ameruhusiwa kuimbiwa, na mwengine hakuruhusiwa kutunza. Bimkubwa akate rufaa.

#35 MsomiKidogo

Mchezo ule haukutoka kwenye picha. Ulishonwa kwa nyimbo za bendi yake, Queen, na hadithi ya kubuni. Picha ya maisha yake ndiyo ilikuja baadaye, 2018.

#36 Kachumbari

Mchimba kaburi nakuonea huruma.

#37 Kipepeo_wa_Wete

Lakini Kachumbari, kwa mara ya kwanza maishani mwako umesema jambo. Mchezo mmoja unaimbiwa, mwengine unanyamaziwa, na vyote viwili watu wamekuja na nyimbo kichwani tangu nyumbani. Basi watu wajuaje? Waandike mlangoni.

#38 Chwaka_Express

Mpemba kataka risiti.

#39 Kipepeo_wa_Wete

Nataka na chenji yangu.

#40 Bint_Hurumzi

Wengine wana siku maalumu ya waimbaji. Wicked ilianzia jukwaani 2003, ikawa picha 2024, na watu wakagombana vile vile sinemani, mpaka zikawekwa saa za kuimba na saa za kunyamaza. Kama ile senema ya wanawake ya marehemu dada yake mzee Sharifu. Hapo kila mtu na siku yake.

#41 Sharifu_wa_Vuga

Ile ya wanawake haikuwa siku ya kuimba, ilikuwa siku ya wanawake. Kuimba ilikuwa kila siku.

#42 FundiMitambo

@MwanaMkunazini, ushauri wa kikazi. Kila ukumbi una mlango wa nyuma wa wasanii. Mchezo ukisha mngojee pale kwa adabu, kama nusu saa hivi. Wengi wanatoka wanasalimia watu. Mpeleke bimkubwa pale.

#43 Kipepeo_wa_Wete

Ila asimpe noti! Ampe ua.

#44 Bint_Hurumzi

Asmini. Utazipata wapi Uingereza?

#45 NyuziZaKanuni

Ampe noti. Aikunje vile vile.

#46 MwanaMkunazini

Wanajamvi, mrejesho. Jana usiku tumekwenda huo mlango wa nyuma, mie, bimkubwa na mke wangu (ndiyo, tunasemeshana). Baridi ya kukata masikio. Bimkubwa kavaa koti langu juu ya buibui. Tumengoja dakika arubaini, akatoka dada mmoja na mkoba wa mgongoni, nikamuuliza kwa heshima kama yeye ndiye Rafiki. Kasema ndiyo, leo kacheza yeye, lakini yeye ni wa akiba. Mwenyewe anaumwa koo tangu Jumatatu.

Bimkubwa kaniuliza kasema nini, nikamtafsiria. Kamtazama yule dada juu mpaka chini, kaniuliza tena: "Na huyu kaimba ule wa baba?" Nikauliza. Kasema kauimba.

#47 Kachumbari

Kwa hivyo?? Pauni tano iko wapi?

#48 MwanaMkunazini

Imerudi mkobani. Kampa mkono, kamwombea dua ndefu, dada wa watu kasimama na mkoba wake mpaka "amin". Bimkubwa anasema yule hakumsikia kwa masikio yake, hawezi kumtunza kwa kuambiwa. Anataka turudi mwenyewe akipona koo.

#49 FundiMitambo

Viti vya pembeni, tafadhali. Karibu na njia.

#50 Kipepeo_wa_Wete

Fundi!!